Sonata ya Tatu ya Grieg

Sonata ya tatu ya fidla na piano ya Edvard Grieg, yenye ufunguo wa C maina, ilikamilika mwanzoni mwa 1887 huko Troldhaugen, nyumbani kwa mtunzi huyo nje kidogo ya mji wa Bergen, Norwei. Mbili za kwanza, za 1865 na 1867, ni kazi za kijana. Ya pili aliimaliza kwa majuma matatu. Hii ilimchukua miezi.

Grieg alisifika zaidi kwa vipande vifupi vya piano, na waliomkosoa walisema hawezi kubeba kazi ndefu. Desturi ya Kijerumani, aliyofundishwa Leipzig, ilimtaka mtunzi aichukue tuni, aivunjevunje, kisha aijenge upya. Yeye aliiacha tuni nzima, akabadilisha mazingira yake. Sehemu ya kwanza inafunguka kwa fidla kuingia kwa nguvu katika sauti zake za chini, piano ikiipigilia kodi nzito, yaani sauti kadhaa kwa pamoja. Katikati ya sehemu hiyohiyo tuni ile inarudi imenyooshwa, polepole, juu ya noti za piano zinazopanda na kushuka kwa upole. Noti zake ni zilezile, ila ukali umekwisha kabisa.

Sehemu ya pili ndiyo inayoonyesha ufundi wake waziwazi. Piano inaanza peke yake, katika E meja, na kuupiga wimbo wote hadi mwisho huku mpiga fidla amesimama akingoja. Fidla inapoupokea, msikilizaji ameshaujua, kwa hiyo masikio yote yanabaki kwenye rangi ya sauti. Hapa piano si mpagazi wa fidla. Baada ya ngoma ya haraka katika E maina, wimbo unarudi, na fidla inaupandisha hadi juu kabisa.

Sehemu ya tatu inaanza kwa piano kutawanya sauti mbili, ya kwanza na ya tano, bila ile ya tatu inayoamua kama ni meja au maina. Uwazi huo unakumbusha fidla ya Hardanger, ambayo chini ya nyuzi zake za kupigwa ina nyingine zinazovuma zenyewe. Grieg haichambui tuni yake hapa. Anairudia tu, na pengine mwanafunzi angekatwa alama kwa hilo. Lakini mwendo haulegei, na kazi inamalizika kwa kasi kubwa katika C meja.

Sonata hiyo, iliyotunukiwa mchoraji Franz von Lenbach, ilipigwa hadharani mara ya kwanza Leipzig, tarehe 10 Desemba 1887. Grieg mwenyewe alikuwa kwenye piano, na fidla ilishikwa na Adolph Brodsky, aliyekuwa wa kwanza kuipiga konseto ya fidla ya Tchaikovsky huko Vienna mwaka 1881. Mwaka 1928 Fritz Kreisler na Sergei Rachmaninoff waliirekodi, na rekodi yao ingali inauzwa.