Sponji Haibebi: Kikombe cha Sidiria Kilichofumuliwa Kampala

Kwenye vibanda vya sidiria pale Owino, soko ambalo kwenye karatasi linaitwa St. Balikuddembe, wanunuzi wengi wana kipimo kimoja: wanakiminya kikombe kwa vidole. Kikiumuka na kurudi kama kilivyokuwa, sidiria ni nzima na bei inaanza kujadiliwa. Kikibonyea, inarudi rundoni. Kipimo hicho kinapima sponji, na kwa mwanamke mwenye kifua kizito sponji haibebi kitu. Hulipatia titi umbo chini ya blauzi na huficha chuchu, basi. Kinachobeba ni kitambaa kisichovutika, mishono na waya, na vitu hivyo huwezi kuvijua vizuri mpaka uifumue sidiria.

Niliifumua moja kwa wembe, kama mafundi wanavyofumua nguo. Ilikuwa ya mitumba kutoka Uingereza, ukubwa 36F, imepauka rangi lakini mishono yake yote bado imara. Haikuwa na sponji hata kidogo. Muuzaji aliiona haina maana kwa sababu ilikuwa imelala bapa mezani kama leso, akaniuzia kwa bei ya kutupa.

Kabla ya vipande, mzigo wenyewe. Uzito wa titi unakaribiana na uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo titi linalojaza bakuli la nusu lita ni kama nusu kilo. Mawili ni kilo nzima iliyoning'inia mbele ya kifua kutwa. Ndani ya titi hakuna msuli wa kuushika uzito huo. Kuna mafuta, tezi na nyuzi laini za kano, na ngozi kwa nje. Mpandishe mwenye mzigo huo kwenye boda boda, umpitishe juu ya matuta na mashimo ya barabara zetu, halafu umuulize habari za mgongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, ambao wameichunguza mikikimikiki hii kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba mwanamke anapokimbia titi haliendi juu na chini tu. Huenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, likichora kitu kama namba nane hewani. Kikombe basi kina kazi ya kuzuia pande zote tatu, na bado kimwache mtu apumue.

Kila kikombe cha ile sidiria kilikuwa na vipande vinne. Viwili vya chini viliunganishwa kwa mshono wa wima unaoshuka kutoka kwenye chuchu hadi kwenye waya. Cha tatu, cha lesi, kilikaa juu, kimeshonwa kwa mshono unaokatiza titi kwa mshazari. Cha nne kilijificha ndani, upande wa kwapa: ukanda mpana wa kitambaa kigumu unaopanda kutoka kwenye waya hadi pale mkanda wa begani unapoanzia. Huo wa nne ndio uliompa mvaaji thamani ya fedha yake. Unalisukuma titi kutoka kwapani lielekee mbele, na unaupeleka uzito juu kwa njia fupi bila kuitegemea lesi.

Kwa nini vipande vyote hivyo? Kitambaa ni bapa na titi ni mviringo. Ukikata dati moja, yaani pindo la kubana kitambaa, na kuifunga, unapata pia, yaani umbo lililochongoka kama faneli. Ukikigawa kikombe mara mbili kwa mishono iliyopinda, ncha inaanza kulainika, na kwa vipande vitatu unakaribia mviringo wa kweli. Kina cha kikombe kinatoka kwenye tofauti ya mikunjo ya kingo mbili zinazoshonwa pamoja: kadiri zinavyopinda kinyume, ndivyo kikombe kinavyozama. Waliozoea kushona sketi na mashati hapa huchanganyikiwa, maana vipande hivyo ukivilaza mezani havilingani. Vinalingana chini ya sindano tu, ukivizungusha polepole.

Halafu kuna hesabu ya milimita, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kutoka herufi moja ya kikombe hadi inayofuata ni inchi moja ya mzunguko wa kifua kizima, kama milimita 25, yaani milimita 12 na ushei kwa kila titi. Sasa chukua kikombe kimoja ukipime kwa upana: utavuka kingo mbili za mshono wa wima na kingo mbili zinazokutana na waya. Patani inataka mshono wa milimita 6. Fundi mwenye haraka akishona kwa milimita 9, amekula milimita 3 mara nne, jumla 12. Ameshaipunguza sidiria herufi nzima, na mteja ataambiwa amenenepa. Kwenye gauni kosa hilo halionekani. Kwenye sidiria linabadilisha ukubwa.

Jambo la pili nililoliona kwa karibu ni mwelekeo wa nyuzi. Kwenye vipande vya chini, mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ulisimama wima kutoka kwenye chuchu kwenda chini, mahali penye uzito mkubwa kuliko pote. Kitambaa cha kufuma hakivutiki kwa mtande wala kwa mshindio, yaani nyuzi za upana. Huvutika kwa mshazari. Ukikikata kipande cha chini kwa mshazari ili ua la kitenge likae vizuri, umeshona mfuko utakaolegea kila siku kidogo. Ajabu ni kwamba kitenge chenyewe, hiki cha pamba kinachojaa maduka ya mtaa wa Kiyembe, ni malighafi nzuri sana ya kikombe cha chini: kimefumwa kwa kubana, hakivutiki, kinapitisha jasho. Watu hukidharau kwa sababu wamezoea kuamini kwamba sidiria lazima iwe laini na ya kuvutika kila mahali. Kinachotakiwa kuvutika ni mabawa ya mgongoni peke yake.

Mabawa hayo yalikuwa ya neti ngumu, yenye nguvu ya kurudi, na yamekatwa ili yavutike kuuzunguka mwili, si kwa urefu. Hapo ndipo mzigo unapofikia. Uzito unatoka kwenye titi, unaingia kwenye kitambaa cha chini, unashuka kwenye waya, waya unausambaza kwenye mkanda wa chini, na mkanda unaushika kwa kuubana mwili juu ya mbavu. Mikanda ya mabegani kazi yake ni ndogo: kukizuia kikombe kisidondoke mbele. Muuzaji anapokwambia, "Nnyabo, inakutosha, vuta tu mikanda," anakuuzia maumivu ya mabega. Sidiria inayofaa, ukishusha mikanda yote miwili, vikombe hubaki mahali pake. Na ikiwa mpya ifungwe kwenye kulabu za nje kabisa, kwa kuwa lastiki italegea na utahitaji zile za ndani baadaye.

Waya nao una adabu zake. Ni chuma bapa chenye kurudi, kimefunikwa nailoni, ncha zake zimechovywa zisichome. Unakaa ndani ya mfereji wa kitambaa cha tabaka mbili, na mfereji huo lazima uuzidi waya kwa karibu nusu sentimita kila upande. Sidiria inapovaliwa, mkanda unavutika na waya unatanuka kidogo. Usipouachia nafasi, utatoboa njia yake. Ile niliyoifumua ilikuwa na mshono mzito wa kwenda na kurudi kwenye kila ncha ya mfereji. Za bei rahisi ambazo nimezichungulia zina mishono mitatu minne tu hapo, na ndizo zinazowachoma watu kwapani wakiwa kanisani. Daraja, kile kipande kidogo katikati ya vikombe, kilikuwa na bitana isiyovutika hata chembe, kwa sababu likivutika nyaya zinaachana na mfumo mzima unalegea. Lilale bapa juu ya mfupa wa kifua. Likielea, kikombe ni kidogo.

Herufi zenyewe zilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Warner's ikazipa sidiria zake vikombe vya A hadi D. Baada ya D kila nchi ikashika njia yake: Waingereza wana DD, E, F, FF, Wamarekani DD kisha DDD, Wazungu wa bara wanapima kwa sentimita, 75 yao ikiwa kama 34. Marobota ya Owino yanazichanganya zote. Kwa hiyo F ya rundo hili si F ya rundo lile, na anayenunua kwa kusoma lebo peke yake anabahatisha. Lililo la uhakika ni kwamba ujazo wa kikombe unafuata mkanda: 34D, 36C na 38B vina ujazo unaolingana. Mwenye kuvaa 38B inayompanda mgongoni pengine anahitaji 34D, ingawa atakataa kwa kuwa D inamtisha.

Kwa Kampala jambo hili lina uzito wa pekee, maana vazi la heshima la hapa halimsaidii mvaaji. Gomesi, linalobeba jina la fundi wa Kigoa wa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambalo simulizi hulihusisha na shule ya Gayaza iliyoanzishwa 1905, lina mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana. Kifuani halikukatwa kufuata titi. Kazi yote inaachiwa sidiria iliyo chini yake. Lubugo uliolitangulia, kitambaa cha gome la mti, ulizungushwa chini ya kwapa na kukazwa, kwa hiyo angalau ulikuwa na mkanda wa kubana.

Je, kikombe cha namna hii kinaweza kushonwa kwenye baraza ya fundi wa Kampala? Kinaweza, kwa sharti moja. Cherehani nyeusi ya kukanyaga inashona mishono yote ya kikombe vizuri sana, maana ni mishono iliyonyooka, na mwendo wake wa pole ni faida kwenye kingo zilizopinda. Kinachoishinda ni mkanda wa chini. Mshono ulionyooka juu ya lastiki hukatika siku ya kwanza ukivutwa. Lazima zigizagi, na hiyo unampelekea jirani mwenye mashine yake. Pamba ipo, bitana ipo, lesi ipo. Sharti lenyewe ni waya, kulabu na neti ya mabawa, vinavyovunwa kutoka sidiria za mitumba zilizokufa vikombe.

Na hilo sharti liko mashakani. Agosti 2023 Rais Museveni, akifungua viwanda Mbale, alitangaza kuzuia nguo za mitumba. Huko Tanzania shirika la viwango, TBS, kwa miaka mingi limekuwa likizikataza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Hoja ya usafi naielewa, na ya viwanda pia. Ila chanzo cha waya kikifungwa kabla duka la waya halijafunguliwa, atakayebaki ni mwenye sponji.

Kuna wateja ambao sponji inawashinda kabisa: waliokatwa titi. Mulago hapa Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda iko tangu 1967, wanatoka wanawake wanaohitaji kikombe chenye mfuko ndani. Wengi hujaza pamba au sponji, kisha wanashangaa upande huo unapanda hadi shingoni. Sidiria ilipigiwa hesabu ya mzigo. Bila mzigo mkanda unakimbilia juu. Mfuko wa pamba uliojazwa nafaka kavu, uzito wake ukakaribiana na titi lililobaki, unarudisha mizani, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuushona.

Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha teknolojia ya nguo, na vyuo vya ufundi vinatoa mafundi cherehani kila mwaka. Wanaotunga mitihani yao waweke kikombe cha vipande vitatu pale wanapoweka kola ya shati, kikaguliwe kwa rula, milimita 6 kila mshono, na atakayeshona 9 arudie.