Santuri za Mpanda: Je, Twasifu Muziki au Ujana Wetu?

Mwalimu mmoja kijana, tuliyefanya naye kazi hapa Mpanda, alituambia neno ambalo kwanza lilituudhi, kisha likatufikirisha. Alisema ya kuwa sisi wazee tunapozisifu santuri za zamani hatusifu muziki hata kidogo, bali twaisifu miaka ile ambayo magoti yetu yalikuwa hayajaanza kuuma. Siku ile hatukumjibu. Tulikwenda zetu nyumbani, tukaazima kwa mjukuu wetu simu yake na vile vidude vya masikioni, tukazisikiliza nyimbo zile upya, mmoja mmoja, kama mwalimu asahihishaye madaftari pasipo kutazama jina lililoandikwa juu.

Kwanza yafaa msomaji ajue santuri zilifikaje kwetu. Mpanda ni mwisho wa reli. Njia ile itokayo Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huku, nayo ilikamilika mwaka 1950. Machimbo yalifungwa zamani, walakini gari moshi lilibaki, na katika utoto wetu kila kitu kizuri kilishuka pale stesheni kikitoka Tabora: sabuni, vitabu, na santuri. Na Tabora ulikuwa mji wa dansi hasa, wenye Kiko Kids na Tabora Jazz. Mjomba wetu alikuwa mpokea mizigo, naye alikuwa na gramafoni ya kubeba mkononi, iendayo kwa betri. Santuri zake alizifunga katika kanga ya mkaza mjomba, akaziweka chini ya kitanda, kwa maana jua la Mpanda mwezi wa Oktoba huipinda santuri ikawa kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Waingereza wa rika letu ukiwatajia mwaka 1975 hukumbuka muziki wa roki, na labda kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sisi hukumbuka kanga ile, na Mbaraka Mwinshehe.

Huyu Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji, na mpiga gitaa, yote matatu, na kila moja lingalimtosha mtu mmoja. Alianza kujulikana katika Morogoro Jazz Band, akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya motokaa huko Kenya. Tulipomsikiliza upya, tuliona jambo ambalo utotoni hatukulitambua: gitaa lake haliupambi wimbo, bali lauendesha mazungumzo. Sauti ikinyamaza, gitaa hushika neno palepale lilipoachwa, wakati mwingine kwa kukubali, wakati mwingine kwa kubisha.

Hapa hatuna budi kueleza desturi ya santuri ndogo za siku zile. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, basi uligawanywa: upande wa kwanza maneno, na upande wa pili, baada ya mtu kuinuka na kuigeuza santuri, magitaa yakachukua nafasi na dansi ikachemka. Mjomba alikuwa na santuri moja ya Morogoro Jazz ambayo karatasi yake ya jina ilikwisha banduka. Upande wake wa pili ulikuwa umekwaruzwa kwa msumari na mtoto mmoja. Hatumtaji, ila ndiye aandikaye haya. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mingi, tuliujua wimbo ule kuwa ni maombolezo yanayokatika ghafula, na tuliwaambia hata wanafunzi wetu ya kuwa mtunzi alikusudia kutuacha gizani. Juzi, katika simu ya mjukuu, tuliusikia wote. Mtunzi hakukusudia hivyo hata kidogo! Palepale tulipodhani kuna giza ndipo watu wanaposimama wakacheza. Wako wanaozilaumu nyimbo zile kwa urefu wao. Twasadiki ya kuwa wao nao wamesikia upande mmoja tu, ingawa si kwa kosa la msumari.

Lakini mwalimu kijana hakukosa katika yote. Ziko nyimbo nne au tano ambazo tuliapa kwamba ni johari, na tulipozisikiliza tulikuta maneno mepesi, na sauti mbili zisizopatana hata mwisho. Kulikuwa na wimbo wa mapenzi tuliousikia usiku mmoja katika lori la tumbaku, tukiwa na mtu fulani. Sasa twajua ya kuwa uzuri wote ulikuwa katika lori.

Tukamwandalia hoja nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulipata kaseti ya Songs for the Poor Man, ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa mwaka 1989 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza. Wakati huo hatukuwa vijana tena. Mshahara ulichelewa, watoto walikuwa wanne, na paa lilivuja. Hakuna utamu wa ujana uwezao kusingiziwa hapo, na hata hivyo twaiona kaseti ile kuwa kazi iliyotimia kuliko zote tulizozisikia. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekuja na kuamua kukaa. Huuliza maswali manyoofu, kama katika ule wimbo uulizao muziki asili yake wapi, wala hana haraka ya kujibu. Kila gitaa lasikika mahali pake, jambo ambalo katika studio ya Redio Tanzania, ambamo bendi nzima ilirekodiwa kwa pamoja, halikuwa rahisi. Santuri yake ya mwaka 1992, Mambo, haitupendezi vivyo hivyo: baadhi ya nyimbo aliziimba kwa Kiingereza, na ndani yake twamsikia mgeni mwenye adabu, si yule Dokta wa Sinza. Alifariki mwaka 2010, na kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kingali chaitwa kwa jina lake.

Imebaki santuri moja ambayo hatukuweza kuisahihisha. Ni “Shida,” ya Mbaraka na Super Volcano. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 na santuri mpya zilikuwa adimu. Hii mjomba aliipata Tabora kwa mkono wa mfanyakazi mwenziwe wa reli. Aliipiga muda usiozidi mwaka mmoja. Vita vya Kagera vilipokwisha, maduka yakiwa matupu, tulichaguliwa kwenda shule ya sekondari, na nyumbani hapakuwa na nauli, wala viatu, wala sanduku. Asubuhi moja gramafoni haikuwako. Hakuna aliyetuambia neno, nasi hatukuuliza. Tulipanda gari moshi tukiwa na viatu vipya.

Basi tukiambiwa tuhukumu kama wimbo ule ni mzuri, twaanza vema: twasikiliza sauti inavyoingia, twahesabu magitaa, halafu twaviona viatu. Mwalimu kijana akitaka kutucheka kwa hilo, na atucheke. Yeye mwenyewe tulimpa simu ausikilize, akausikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo.

Santuri yenyewe ingali kwetu, katika kanga ileile. Mjomba alipofariki tuliiomba hiyo tu. Mashine ya kuipiga hapa Mpanda hatujaipata.