Kutofikika na Kukatazwa: Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu katika Ukuta wa Moto wa Mtandao

Mjadala juu ya Kiswahili cha kompyuta umeelemea mno upande wa majina. Hubishaniwa kama chombo fulani kiitwe hivi au vile, kana kwamba kazi ya mwanaistilahi hukoma pindi nomino inapopatikana. Lakini chombo hakitumiki kwa jina lake tu. Hutumika kwa sentensi, na sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile ambayo chombo chenyewe humwambia fundi kinaposhindwa kazi. Sentensi hiyo ikipotosha, fundi hupotea, hata nomino zote zikiwa safi. Mfano ulio wazi ni hitilafu za njia katika ukuta wa moto, yaani chombo kinachokaa kati ya mtandao wa ndani na ule wa nje, kikiamua kila pakiti ipite au isipite, na aghalabu kikichagua pia njia ya kuipeleka.

Matini ya asili ya lugha hii ni waraka uitwao RFC 792, ulioandikwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981. Waraka huo umeweka taarifa ambazo mitambo ya mtandao hupelekeana pakiti isipofika. Aina ya tatu ya taarifa hizo ni ya kutofikika, nayo ilipewa sababu sita, kuanzia namba 0 hadi 5: mtandao haufikiki, mashine haifikiki, itifaki haifikiki, poti haifikiki, pakiti yahitaji kugawanywa ilhali imewekewa alama ya kutogawanywa, na njia iliyoagizwa na mtumaji imeshindikana. Yafaa kutambua kwamba katika orodha hii hakuna anayeikataza pakiti kupita. Ulimwengu wa waraka huo ni wa wasafiri na njia, bawabu hajaingia. Aliingia baadaye: RFC 1122 ya Oktoba 1989 iliongeza, miongoni mwa nyingine, namba 9 na 10 za mawasiliano yaliyokatazwa na wasimamizi, na RFC 1812 ya Juni 1995 ikaongeza namba 13. Hata hivyo, katazo halikupewa aina yake lenyewe. Liliwekwa chini ya kichwa kile kile cha kutofikika.

Matokeo ya mpangilio huo yaonekana katika Linux. Ukuta wa moto ukiikataa pakiti kwa namba 10 au 13, mfumo huigeuza taarifa hiyo kuwa kosa lile lile linalotokana na namba 1, na mtumiaji husoma kwamba hakuna njia ya kuifikia mashine. Sentensi hiyo si kweli. Njia ipo, pakiti imeifuata hadi kwa bawabu, na bawabu ameirudisha. Fundi anayeiamini huenda moja kwa moja kwenye jedwali la njia. Atapima kama anwani 10.1.2.3 inafuata njia ya 10.1.0.0/16, iliyo mahususi zaidi, badala ya ile pana ya 10.0.0.0/8. Atakagua ruta moja baada ya nyingine. Asipoona kasoro, aweza kushawishika kuongeza njia mpya, na hapo ndipo kosa la kweli linapoingia katika jedwali lililokuwa salama.

Mfasiri anayeandika "hakuna njia" hahamishi maneno tu, bali na upotofu huo pia. Wala hana udhuru, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili inampa njia ya kuuepuka. Kauli ya kutendeka hueleza hali pasipo kumtaja mtenda, na kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi yake. "Mlango umefungika" na "mlango umefungwa na bawabu" si sentensi moja: ya kwanza humpeleka msikilizaji kwenye bawaba, ya pili kwa mwenye ufunguo. Vivyo hivyo, "mashine haifikiki" yafaa pale ambapo njia imekosekana kweli, na "pakiti imekataliwa na ukuta wa moto" yafaa pale ambapo kanuni imetumika. Tofauti ya viambishi viwili, -ik- na -w-, ndiyo tofauti ya fundi kuanzia kwenye jedwali la njia au kuanzia kwenye orodha ya kanuni.

Hata hivyo, kumtaja mtenda si sawa na kutaja chanzo. Ukuta wa moto unaokumbuka mazungumzo hutarajia kuona ombi kabla ya jibu. Ikiwa ombi limepita kwenye ruta nyingine na jibu likarudi kwa ukuta huo, ukuta huona jibu la swali ambalo haukulisikia, nao hulitupa. Hapa mtupaji ni ukuta, lakini kosa ni la njia, kwa kuwa safari ya kwenda na ya kurudi hazikulingana. Kulegeza kanuni hakungeponya ugonjwa huo. Kwa hiyo sentensi timilifu hubeba mambo mawili: "pakiti imetupwa na ukuta wa moto kwa kuwa ombi lake halikupita hapa."

Yawezekana kupinga kwamba kuta nyingi hunyamaza kwa makusudi, ili mvamizi asipate habari, na kwamba lugha ya wazi ingemsaidia adui. Hoja hiyo ina nguvu kuhusu jibu linalopelekwa nje. Haina nguvu kuhusu daftari la ndani, ambalo husomwa na msimamizi peke yake. Kimya ni siri iliyotunzwa. "Hakuna njia" ni habari isiyo kweli. Kimya humwacha fundi na mashaka, nayo mashaka humfanya apime. Habari isiyo kweli humfanya aache kupima mahali panapostahili.

Nomino nayo yapaswa kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. "Ukuta wa moto" humfanya msomaji afikirie ukuta unaowaka, ilhali katika ujenzi kusudi ni ukuta unaozuia moto usienee. Lakini dosari kubwa zaidi ni kwamba ukuta, uwe wa moto au wa mawe, hauamui neno. Chombo hiki huamua, hukumbuka na huelekeza. "Bawabu wa mtandao" lingekuwa jina linalokubali vitenzi hivyo bila kuvilazimisha. Jina hilo likikataliwa kwa sababu lililopo limekwisha kuzoeleka, basi angalau sentensi zisikubali kurithi ububu wa ukuta. Wanaotayarisha vitabu vya mafunzo na tafsiri za programu wangefanya vema kuandika kwanza taarifa za makosa, wazijaribu mbele ya mafundi walio kazini, kisha ndipo wazirudie orodha za istilahi.