Kisu cha bup: namna bakapu ilivyopelekwa C

Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya intaneti ya TEAMS karibu na bandari ya Mombasa. Huku mtaani Bofu, ukikumbuka intaneti ya siku hizo, huwezi kuipenda programu ya bakapu inayotuma faili nzima kila usiku kwa sababu tu mstari mmoja umebadilika.

Bup, iliyotolewa na Avery Pennarun mwaka 2010, haifanyi hivyo. Sehemu yake kubwa ni Python. Zilizopelekwa C ni chache, na ufundi uko katika kuzichagua.

Ya kwanza ni kisu. Ukikata faili kwa kipimo kimoja, tuseme kila baiti 8,192, herufi moja ikiongezwa mwanzoni vipande vyote vinasogea na faili nzima inaonekana mpya. Bup iliazima hila ya programu ya rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya 1996. Dirisha la baiti 64 linatambaa juu ya faili: baiti moja inaingia, moja inatoka, jumla inarekebishwa bila kupigwa upya. Biti 13 za mwisho za jumla hiyo zikiwa 1 zote, hapo panakatwa. Kipande bado ni baiti 8,192 kwa wastani, lakini mpaka sasa unafuata yaliyomo. Ile herufi ya mwanzoni itaharibu kipande kimoja au viwili. Vilivyobaki havitumwi tena.

Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila baiti, yaani yapata mara bilioni moja kwa gigabaiti. Kila inapojumlisha, Python huichukua nambari kama kitu kizima chenye aina yake na hesabu ya wanaoitumia. C hujumlisha, ikapita.

Ila C ina mtego wake. Aina ya char hukubali hasi kwenye mashine za Intel, lakini kwenye Linux ya ARM kwa kawaida haikubali. Ukiandika char kavu, mashine mbili zitakata faili ileile mahali tofauti. Data haipotei, na hilo ndilo baya lake: hakuna kosa linalotangazwa, ila vipande vya leo havifanani na vya jana, na bando linakwisha kwa kupakia kila kitu upya. Bup imeandika uint8_t waziwazi, aina isiyokubali hasi popote.

Mlango wa programu ulihamia C baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Jina la faili katika Linux ni baiti tu, nayo Python 3 hutaka kulisoma kama maandishi. Sasa programu ndogo ya C hupokea majina jinsi yalivyo, kisha huiwasha Python ndani yake. Maamuzi mengine yameachwa Python, na sioni haja ya kuyagusa.

Unayetaka kuhamishia programu yako C, fungua kwanza bupsplit.c. Ndani yake kuna jaribio linaloanza kuhesabu kutoka sehemu mbalimbali za data ileile, kisha kudai jumla ya dirisha la mwisho iwe ileile.