Mtafsiri wa Picha

Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, banda la picha hujaa wakati wa mbalamwezi. Giza likiwa totoro wavuvi wako ziwani na taa zao, wakivuta dagaa. Mwezi ukikomaa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inabaki mchangani, na vijana wanakuja kubanana kwenye mabenchi. Mbinga mjini, kule milimani, kalenda ni nyingine: banda linachangamka wakulima wakishalipwa fedha za kahawa. Kote kuwili nimelipa kiingilio, na ninayekwenda kumtazama zaidi ni yule mtu aliyekaa kando ya televisheni na maiki mkononi.

Huyo ni mtafsiri. Wengine humwita DJ. Filamu imetoka Hong Kong, Mumbai au Los Angeles, na yeye peke yake ataisema yote kwa Kiswahili: stelingi, adui, mama mkwe, hakimu, mtoto anayelia. Mkono wa kulia una maiki, wa kushoto haubanduki kwenye kitufe cha sauti. Watu wakizungumza, anaishusha sauti ya filamu. Ngumi zikianza anaipandisha mpaka bati linatetemeka, naye ananyamaza. Anayeijua kazi hasemi juu ya ngumi.

Kabla ya usiku huo ameshaitazama filamu peke yake na kuirudia. Kiswahili kinataka nafasi kubwa kuliko Kiingereza cha sinema, kwa hiyo mtafsiri mzuri huanza kusema kabla mwigizaji hajafungua mdomo, ili wamalize pamoja. Asiyeijua filamu kwa moyo hawezi hilo. Inabidi ajue pumzi ya kila mtu iko wapi, nani atakatizwa maneno, mlango upi utafunguliwa ghafla. Sauti nazo anazigawa. Mzee anapewa kikohozi kidogo na maneno ya taratibu, jambazi lugha ya stendi, hakimu Kiswahili cha mahakamani, na shauri linaahirishwa kama linavyoahirishwa kwetu.

Kisha kuna adabu. Mtoto wa New York anaingia nyumbani na kumwita baba yake kwa jina. Mtafsiri anamtia shikamoo kinywani, maana mabenchi yasingevumilia. Hapo sikubaliani naye kila mara. Ziko filamu ambamo utovu wa adabu wa mtoto ndiyo hadithi yenyewe, na mtafsiri hodari kwelikweli huuacha ulivyo, halafu anaongeza kwa sauti yake mwenyewe: "Muoneni anavyomjibu mzazi wake." Kwa sentensi hiyo moja ameshafanya kazi ya mhakiki, na filamu bado inakwenda.

Mimi pia nahakiki filamu. Napenda matamasha, hasa la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo huipa filamu bora tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Kukaa Ngome Kongwe usiku, mwongozaji yuko mbele yako na unaweza kumuuliza swali, ni raha isiyo na mfano. Lakini mhakiki wa tamasha ana usiku mzima wa kufikiri na karatasi ya kufuta. Mtafsiri anatoa hukumu yake papo hapo, mbele ya watu waliotoa fedha zao, na akiboa wanampigia kelele kabla hajameza mate. Nimejifunza kwake kutomhukumu mhusika ambaye sijaweza kumsemea.

Kuisemea picha ni jambo la zamani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema za elimu, wenye makao Vugiri huko Usambara, ulizungusha lori vijijini Tanganyika na kuvuka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitoka kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali. Japani walikuwa na wasimulizi wao, benshi, waliosimama kando ya filamu bubu na kuwavuta watu kwa majina yao wenyewe. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia wakakosa kazi. Kwetu ilikuwa kinyume: sauti ndiyo iliyomwajiri mtafsiri, kwa kuwa ilisema lugha ambayo watu bandani hawaielewi. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliitia sanaa hii kwenye kanda za video, na mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Mainz, Ujerumani, ameandika kwa kirefu juu ya watafsiri hawa.

Ufukweni huku, filamu ya kumpimia mtafsiri ni Titanic ya mwaka 1997. Ziwa Nyasa lina msiba wake: Julai 1946 meli ya Vipya, ikiwa bado mpya, ilizama kwenye dhoruba upande wa pili na kuua watu zaidi ya 100. Kuanzia Lituhi hadi Liuli watu wanajua mawimbi yanavyobadilika mchana mmoja. Mtafsiri mwenye akili hupunguza maneno meli inapoinama. Mtu wa Mbamba Bay hahitaji kuelezwa maji. Anahitaji kuelezwa kwa nini mageti ya daraja la tatu yamefungwa, na hapo ndipo mtafsiri anapotumia pumzi yake yote.

Wenye filamu wana malalamiko ya haki. Hakimiliki ni jasho la mtu, na tafsiri nyingi zilizouzwa hazikuombewa ruhusa. Nataka ruhusa hizo ziombwe na zilipiwe, kisha watafsiri wapandishwe jukwaani. Bodi ya Filamu ilipopeleka tamasha lake la tuzo Mbeya mwaka 2021, niliona kuwa nyanda za kusini nazo zinaweza kupokea sherehe ya filamu. Mbamba Bay nayo inaweza, kwa kuwa sasa lami imefika kutoka Mbinga.

Filamu ya kufungulia sherehe hiyo nimeshaichagua: The Boy Who Harnessed the Wind ya Chiwetel Ejiofor, ya mwaka 2019, inayosimulia jinsi kijana William Kamkwamba alivyounda kinu cha upepo kijijini Wimbe, ng'ambo ya ziwa, wakati wa njaa. Humo wanasema Kiingereza na Kichewa. Kiingereza mtafsiri atakigeuza. Kichewa je? Wanyasa wengi wanakielewa, pengine kuliko yeye, na akikitafsiri atawakera. Akikiacha, Wamatengo walioshuka kutoka Mbinga watapotea. Itabidi ayasome mabenchi ya usiku ule, ajue nani kakaa wapi, na aamue sentensi kwa sentensi lini aseme na lini maiki ikae mapajani. Ningelipa kiingilio mara mbili kumtazama akiamua.