Profesa, Mlijuaje?

Kuna ufundi wa redio ambao hausifiwi vya kutosha: kumketisha mwanasayansi mbele ya kipaza sauti na kuzungumza naye kwa Kiswahili mpaka msikilizaji wa Lemera, kule milimani juu ya bonde la Ruzizi, apate jibu pamoja na njia iliyolileta. Vipo vipindi vinavyoufanya kila juma, kama Siha Njema na Mazingira Leo, Dunia Yako Kesho vya RFI Kiswahili. Zipo pia Radio Okapi, inayotangaza tangu 2002, na redio za jamii za Kivu Kusini. Nimezisikiliza kwa muda mrefu, na naamini fundi wa kazi hii anatambulika kwa swali moja fupi: mlijuaje?

Chukua jambo linalozungumzwa kila siku kwenye myalo ya Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika: ndagala wamepungua. Mtangazaji asiyekomaa huuliza sababu, mtaalamu hujibu kwamba ni mabadiliko ya tabianchi, kisha unapigwa wimbo. Msikilizaji ameachiwa jina tu. Fundi haridhiki. Huuliza joto la hewa linamfikiaje samaki aliye majini, halafu hunyamaza na kumwacha mgeni wake afikiri.

Hapo ndipo ziwa lenyewe linapoanza kusimuliwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal pekee linalolizidi. Maji yake hayachanganyiki mpaka chini. Ukishapita mita mia mbili hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki hawaishi, lakini rutuba nyingi imelala huko. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuja kaskazini, kwetu, na kule kusini maji ya chini hupanda na rutuba yake. Mwani hustawi, vidudu hula mwani, ndagala hula vidudu, mikeke hula ndagala. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo, na rutuba hubaki chini.

Msikilizaji sasa ameelewa. Bado fundi ana swali lake: mlijuaje kwamba joto limezidi? Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa hili yalikuwa yamepata joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Nani alikuwa na kipimajoto miaka yote hiyo? Jibu liko kwenye tope. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hufa na kuzama, tabaka juu ya tabaka. Mafuta ya miili yao hubadilika kulingana na joto la maji walimoishi. Watafiti huzamisha bomba, huchomoa tope bila kulivuruga, hupima mafuta hayo na kusoma joto la karne kwa karne. Mtu aliyesikia maelezo haya hatalisahau jambo hilo, na akibishiwa mwaloni ana la kusema.

Tarakimu nazo zina ufundi wake, maana msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu kipindupindu cha Uvira. Baada ya siku ambayo mabomba hayakutoa maji, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Ikisomwa hivyo, idadi hiyo hupita sikioni kama upepo. Fundi humwomba daktari aifungue: yaani pale ambapo wangelazwa watu 10, walilazwa kama 25. Kisha huuliza: mlijuaje kwamba ni maji, na si mvua au msimu tu? Watafiti walilinganisha kiasi cha maji kilichotoka mtamboni kila siku na daftari la waliolazwa katika kituo cha kutibu kipindupindu, tangu 2009 hadi 2014, wakazingatia mvua na misimu. Waliona pia kwamba athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye mitaa inayotumia sana maji ya bomba. Mama anayeishi mtaa kama huo sasa anajua kwamba siku bomba linapokauka ndiyo siku ya kutia dawa kwenye maji aliyoyateka ziwani au mtoni.

Ufundi huu una uzito wa pekee kwetu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 mashariki ya Kongo na kufika hata Mwenga, huku Kivu Kusini, wengi walisema ugonjwa huo haupo. Kuamrishwa kuamini hakukuwasaidia. Mpox ilipoenea kutoka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, wanasayansi walisema virusi vimezaa tawi jipya, wakaliita 1b, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ni haki ya mchimbaji dhahabu kuuliza tawi hilo lilionekana wapi. Lilionekana katika maandishi ya urithi ya virusi, yaliyosomwa kutoka kwa wagonjwa na kulinganishwa na yale ya zamani. Mtaalamu anayeonyesha njia yake humpa msikilizaji nafasi ya kumpima, na imani huanzia hapo.

Fundi pia hujua kwamba ujuzi hauko upande mmoja wa meza. Mvuvi wa Kalundu haendi kuvua mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa taa anayovulia usiku haiwaiti tena ndagala. Mtangazaji mzuri humpelekea mtaalamu ushahidi huo kwa heshima ile ile anayompa profesa.

Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, na Lwiro ina kituo cha sayansi asilia kilichoanzishwa enzi za wakoloni. Wataalamu wapo, tena wanakijua Kiswahili. Kila redio ya jimbo hili ingewatengea saa moja kwa juma, na kumpa kazi hiyo mtangazaji mwenye subira, asiyeona haya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Naye mtaalamu akijibu, "Hilo bado hatujalijua," mtangazaji asilifunike kwa wimbo. Amshukuru, kisha amuulize watalitafutaje.