Lupu Haimngoji Mtu

Obokano imerudi mtaani Kisii, na mimi ni mmoja wa wale waliopaswa kufurahi. Ukipanda matatu kwenda Keroka au Nyamira utaisikia chini ya biti ya kijana fulani, mngurumo ule mzito kama nyuki ndani ya mtungi. Inakuja kwa sekunde kumi hivi. Halafu zinakuja sekunde zile zile kumi. Halafu zile zile tena, hadi dereva abadilishe wimbo. Sitazitaja nyimbo zenyewe kwa majina. Kasoro yao ni moja, na kumchagua msanii mmoja ni kumwonea.

Kwa wewe uliyekulia Nairobi ukijua nyatiti tu: obokano ni kinubi cha Abagusii, kikubwa kuliko nyatiti, chenye nyuzi nane na bakuli lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Sauti yake ni nzito kiasi kwamba imewahi kulinganishwa na ile besi kubwa ya okestra. Mpigaji hukaa chini, anapiga na kuimba mwenyewe. Hiyo ya kuimba mwenyewe ishike, tutaihitaji.

Sasa tazama inavyoingia kwenye kompyuta. Prodyuza anaweka maiki mbele ya mzee. Mzee anapiga na kuimba dakika ishirini. Prodyuza anatafuta mahali ambapo sauti imenyamaza na vidole vinaendelea, anakata hapo. Kipande anakiingiza FL Studio, anakivuta au kukibana hadi kitoshe baa nne, anaweka mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Piga hesabu: baa ya mapigo manne ni sekunde 2.4, baa nne ni 9.6. Wimbo wa dakika tatu unakirudia kipande hicho karibu mara 19. Kazi imekwisha na chai bado ni moto.

Wako watakaokwambia kosa ni kule kurudiarudia, ati muziki wa wazee haukuwa hivyo. Ulikuwa hivyo. Obokano yenyewe ni ala ya kurudia. Mpigaji ana kifungu anachokizungusha hadi usahau kilianzia wapi. Kama kurudia ni kosa, basi mzee ndiye mkosaji wa kwanza.

Kinachonikera ni kingine. Mzee anaporudia, anangoja. Anangoja neno. Kwenye arusi moja kule Nyamira nilimtazama mpigaji akiwasifu wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa mjomba wa bwana arusi jina likampotea, au alijifanya limempotea. Vidole vikazunguka pale pale mara tano, sita, saba. Watu wakaanza kucheka. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, noti ikatoka, na hapo ndipo jina likapatikana. Kifungu kikageuka katikati, bila hata kumaliza duara, kwa sababu jina lilikuwa refu na lilihitaji nafasi. Urefu wa muziki uliamuliwa na jina la mtu na uzito wa mfuko wake. Hizo baa nne ungezipata wapi hapo?

Na kumbuka ni kipande kipi prodyuza anapenda kukata: kile chenye vidole bila sauti. Hicho ndicho kipande cha kungoja. Yaani tumechukua pumzi anayovuta mtu kabla ya kusema, tukaifanya kuwa hotuba nzima.

Nilikuwepo kijana mmoja alipomchezea mpigaji wake wimbo uliokamilika. Mzee alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama. Mwishoni akauliza, "Sasa huyu ataanza kuimba saa ngapi?"

Kijana akacheka. "Tata, si rapa ndiye anaimba?"

Mzee hakucheka. Lilikuwa swali la kiufundi, na halikujibiwa.

Maprodyuza wenyewe wanahisi kuna kitu kimekufa, ndiyo maana wanahangaika na otomesheni. Wanachora mstari ili sauti ipande na kushuka, wanafungua filta na kuifunga, wanaihamisha obokano kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Hayo ni mapambo, tuyaache. Wenye Ableton Live wana ujanja mkubwa zaidi: unarekodi kifungu kile kile mara tano, halafu unaiagiza programu kwamba kila kipande kikiisha, ijichagulie kingine kwa bahati nasibu. Kuna mtu alijitapa mbele yangu kwamba hivyo ndivyo ameirudishia obokano uhai. Wapi! Kurusha sarafu si kungoja. Yule mpigaji wa arusini hakuwa akibahatisha, alikuwa anautazama mkono wa mjomba.

Lakini kuilaumu programu pia ni uvivu. Historia ya mashine za sampuli imejaa watu waliozitumia kwa vidole. MPC60 ya Roger Linn na Akai, iliyotoka 1988, ilikuwa na vitufe vya mpira vya kupigwa kama ngoma. J Dilla wa Detroit, aliyefariki 2006, hakuiachia mashine imnyooshee kila pigo, na leo MPC yake imehifadhiwa kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi kule Washington. FL Studio nayo, ambayo nusu ya vijana wa Kisii wanayo (tusiulize waliipataje), imekuwa na sehemu ya kucheza vipande moja kwa moja tangu toleo la 11 la mwaka 2013. Unabonyeza, kipande kinaanza. Unabonyeza kingine, kinabadilika. Zima ule mpangilio unaokulazimisha kusubiri baa mpya na umebaki wewe na kidole chako. Rapa asimame kwenye maiki, umtazame mdomo, uishikilie obokano ikizunguka hadi mstari wake uishe, ndipo uibadilishe. Programu itakumbuka ulichofanya na kukirudia siku zote. Hiyo nayo ni otomesheni, ila kuna mtu aliyengoja kwanza.

Kukatwa hakukuanza na kompyuta, tuwe wakweli. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, si mbali na Nyamira, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha". Santuri za enzi hizo zilibeba dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo mashine ilikuwa inaamua urefu wa nyimbo zetu kabla babu zetu hawajasikia neno kompyuta. Lakini Tracey aliandika ni wapi na ni akina nani. Ndiyo sababu mwaka 2014 hifadhi yake ya ILAM, Ketebul Music na Singing Wells waliweza kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Sampuli za obokano zinazorushwa WhatsApp kati ya studio za Kisii zina jina gani? "Obokano 2." "Obokano mpya." Nimeona moja imeandikwa "kijiji". Miaka 64 kutoka leo, faili hilo litarudishwa kwa nani?

Hapa ndipo urembo unapogeuka kuwa suala la pesa. Kanye West alipotumia "Kothbiro" ya Black Savage, wimbo wa 1976, ndani ya "Yikes" mwaka 2018, Wakenya walijua ni nani wa kuuliza habari zake, kwa kuwa ulikuwa wimbo wenye wenyewe. Kifungu cha obokano kilichokatwa sauti kimekatwa mwenyewe. Ukiondoa uimbaji umeondoa jina la mjomba, jina la mpigaji na lugha yenyewe; kinachobaki kinaweza kuuzwa popote kama mlio tu. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inataka ridhaa ya wenye mali na mgao wa haki, na imezipa kaunti kazi ya usajili. Karatasi nzuri. Wapigaji ninaowajua mimi wamelipwa nauli na soda.

Mwezi uliopita nimesikiliza kazi moja ambayo bado haijatoka, ya msichana wa Nyamira anayerapu Ekegusii na Sheng. Beti ya pili anaanza kumtaja nyanya yake, halafu ananyamaza. Obokano inazunguka mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne unadhani kompyuta imekwama. Mara ya sita anavuta pumzi, unaisikia kabisa kwenye maiki, na jina linakuja, na nyuzi zinageuka nalo katikati ya duara. Nilisikiliza hapo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mpigaji ana jina lake kamili kwenye wimbo na fungu lake la mapato limeandikwa. Sijapenda kiki: ni nzito mno, inafunika nyuzi mbili za chini kabisa, na kwenye spika za matatu hazitasikika hata kidogo. Prodyuza anasema bila kiki hiyo hakuna klabu ya Kisii itakayoucheza. Nimemwambia aishushe hapo tu, kwenye zile raundi sita.